Dohani ya Shemeji Kibwana

Shemeji yangu Kibwana ndiye mtu wa kwanza kuvaa soksi za sufu Chole, na namwomba Mungu awe wa mwisho. Nasema Chole yetu ya Kisarawe, si ile ya kisiwani Mafia. Hapa kwetu baridi ikizidi sana mtu hujifunika shuka mbili badala ya moja, asubuhi akaota jua kidogo barazani, mambo yakaisha. Lakini Kibwana alikuwa ameishi na Mzungu. Na mtu aliyeishi na Mzungu miaka kumi na saba, akampikia, akampigia pasi na kumkokea moto, hawezi kurudi kijijini akahisi baridi ya kawaida kama sisi. Ni lazima ahisi baridi ya Ulaya.

Alirudi mwezi wa Juni, mwaka 1951, kipupwe ndiyo kwanza kinaingia. Bwana wake alikuwa amemaliza kazi na kurudi kwao. Kibwana alishushwa na lori Kisarawe mjini, akatafuta wapagazi wawili, akaingia Chole mchana kweupe ili kila mtu aone. Mpagazi wa kwanza alibeba sanduku la bati. Wa pili alibeba kochi kichwani, kochi la mbao lenye mto uliopasuka upande mmoja. Kibwana mwenyewe alitangulia mbele, koti zito limefungwa vifungo hadi shingoni, jasho likimtiririka nyuma ya masikio.

"Shikamoo, shemeji Twalibu," aliniamkia, maana nimemzidi umri.

"Marahaba. Unaumwa homa?"

"Homa ya nini tena?"

"Naona koti."

"Ah! Hiki ndicho kipindi cha hatari, shemeji. Mtu anaona jua linawaka, kumbe baridi inamwingia kifuani polepole."

Niliwatazama wapagazi. Wote wawili walikuwa vifua wazi.

Mke wake ni dada yangu Mwanamvua, tumbo moja, mimi nikimtangulia. Nyumba waliyokaa ni ya marehemu mama yetu. Kibwana ni mtu wa kuja, kwao ni Pangani, hii ya Kibaha, na kwa miaka yote hiyo kumi na saba alikuwa akija likizo siku kumi, analeta kanga na sabuni, kisha anaondoka. Nyumba ilikuwa mikononi mwa Mwanamvua. Mimi ni mwezekaji, nimeezeka nusu ya mapaa ya Chole, naijua nyumba ya mvivu na nyumba ya mtu. Ya Mwanamvua ilikuwa nyumba ya mtu.

Kila mwaka aliiandaa mara mbili. Kabla ya kipupwe alikandika upya ukuta wa kusini, ule unaopigwa na upepo, akapandisha mavuno darini na kupanga kuni. Kabla ya masika aliniita niondoe makuti yaliyochoka na kutia mapya, akachimbua mfereji nyuma ya nyumba, akaanika makopa ya muhogo mpaka yakakauka kama vigae. Na mafiga yake matatu yalikaa ndani, chumba cha katikati, chini kabisa ya dari. Dari zetu ni fito zilizopangwa juu ya boriti, na huko juu ndiko inakokaa mbegu: mahindi yamefungwa mafungu kwa maganda yake yenyewe, kunde zimo ndani ya vibuyu. Moshi wa mafiga hupanda kila siku, unapita kwenye fito, unakausha mbegu na kufukuza wadudu, kisha unatokea kwenye makuti na kuyafanya meusi na magumu hata mchwa hawayataki. Hili kila mtoto wa Chole analijua kabla hajaijua alifu.

Mbegu yenyewe ilikuwa ya mama. Mahindi mafupi, mekundu kidogo, yanayokomaa upesi kabla jua halijayawahi. Mama aliyachagua miaka na miaka, hindi baada ya hindi, na alikuwa mgumu, hakumgawia jirani hata punje moja. Alipokufa akamwachia Mwanamvua. Mimi na mke wangu tulipanda mahindi meupe ya sokoni kama watu wengine, na mwaka wa jua kali tulikuwa tukipita kando ya shamba la dada yangu na kumeza mate.

Sasa huyo ndiye mwanamke ambaye Kibwana, siku ya tatu tu baada ya kufika, alisimama katikati ya sebule yake, mikono kiunoni, akamwambia, "Nyumba hii haijaandaliwa kwa baridi."

Nilikuwepo, nanywa chai. Nusura nipaliwe.

Alifungua sanduku akatoa picha aliyoikata kwenye gazeti la Kizungu, akaitundika ukutani kwa mwiba. Ilikuwa picha ya nyumba iliyofunikwa theluji mpaka madirishani, na juu ya paa moshi unatoka katika bomba la matofali. "Mnaiona hii?" alisema. "Watu wa humo ndani hawajui kama nje kuna baridi. Kwa nini? Wamejiandaa!" Akaanza kutembea na kipande cha kamba, anapima kuta, anagonga milango, anapachika kidole kwenye kila upenyo, anatikisa kichwa kama tabibu aliyeletewa mgonjwa kachelewa.

Kazi ilimchukua wiki tatu. Kwanza aliuziba ule uwazi wetu kati ya ukuta na paa, unaopitisha hewa, kwa magazeti ya Kiingereza aliyoyakunjakunja. Huku anashindilia, midomo yake haikukoma: "Usipoziba ufa utajenga ukuta." Methali ya wazee wetu, tena nzuri, lakini wazee waliisema kuhusu ufa. Hawakuisema kuhusu pua ya nyumba. Kisha akatundika pazia zito jekundu kwenye dirisha lenye ukubwa wa sinia. Kisha akapigilia magunia chini ya dari, nyumba nzima, akayapaka chokaa, ili masizi na vumbi visiangukie kochi. Mtu akiingia akitazama juu aliona weupe mtupu, na asingeweza kujua darini kuna nini hata angetaka.

Halafu ndipo ikaja dohani. Aliijenga sebuleni kwa mawe na udongo, meko yenye mdomo mpana ukutani, na juu yake bomba la udongo linalopanda, linatoboa magunia, linatoboa makuti, linatokeza nje urefu wa mkono. Mimi nilipoombwa nikate tundu kwenye paa nililoliezeka mwenyewe, nilikata. Nilikata vizuri tena. Nilijua kinachokuja, nikasema acha nimsaidie afike haraka.

Baada ya hapo akayang'oa mafiga ya ndani ayapeleke uani, kwenye kibanda cha kuku. Mwanamvua, aliyekuwa kimya wiki zote tatu, alisimama mlangoni.

"Na moshi wa darini, baba?" aliuliza.

Kibwana akaliweka figa chini. "Mke wangu, kule Lushoto nilikuwa namkokea memsahibu, mke wa bwana wangu, moto kila jioni. Anakaa, miguu mbele ya moto, anafuma sweta lake. Miaka yote hiyo sijamwona akitoa chozi kwa moshi. Wewe macho yako ni mekundu tangu nilipokuoa. Nilikuwa nikiinama kuupuliza moto wa yule mama nasema moyoni, siku yangu ikifika na mke wangu atakaa hivi."

Maneno mazuri humtoa nyoka pangoni. Mimi nilicheka ndani ya kikombe, nikaona mzee mzima anaimba taarabu bila ngoma.  Mwanamvua alijifuta macho kwa upindo wa kanga, akainama akalibeba figa la pili yeye mwenyewe. Nilidhani ameshindwa hoja.

Siku ya kuiwasha dohani Kibwana alialika watu kumi na wawili baada ya sala ya alasiri, akiwemo Mwalimu Mwinyijuma, imamu wetu na mwalimu wa chuo cha Kurani, aje aisomee dua. Tulijazwa sebuleni kama dagaa. Mlango ulifungwa, pazia likashushwa, moto ukawashwa. Ile dohani, sijui kwa ugeni, ikaukataa moshi. Ukarudi wote kwetu. Mwalimu Mwinyijuma, ambaye dua yake ya kawaida inaweza kuivisha maharage, siku ile aliimaliza kwa pumzi mbili, akavua kofia, akaanza kujipepea.

"Kibwana mwanangu," alisema huku anakohoa, "baridi ya huko Ulaya ikoje hasa?"

"Maji yanaganda, Mwalimu. Mto mzima."

"Subhanallah! Na hapa, je, yanaganda?"

Kibwana alifikiri kidogo. "Bado," alisema.

Tuliitunza ile "bado" kama tunu. Kwa miezi mizima watu walikuwa wakikutana kisimani, mmoja anauliza, "Yameganda?" mwenzake anajibu, "Bado!" na wote wanashika mbavu. Shemeji yangu akapata jina, Bwana Baridi, na nasikitika kusema kwamba jina hilo nililitunga mimi. Sisikitiki sana. Lilimkaa vizuri.

Moshi baadaye ulishika njia yake ya dohani. Jioni za Julai, ukipita nje, ungemwona Mwanamvua kwenye kochi, miguu mbele ya moto, na Kibwana amechuchumaa anachochea. Mlango ulikuwa wazi, maana bila hivyo wangeiva. Dada yangu alikuwa na miaka arobaini na kitu, na sikumbuki kumwona amekaa kitako bila kazi mkononi kabla ya hapo. Mimi nilipita, nikauliza kama maji yameganda, nikaenda zangu.

Vuli ya mwaka ule haikuwa vuli. Zilishuka rasharasha nne au tano, na kila mtu akaiacha mbegu yake darini kungojea masika. Lakini rasharasha hizo zilitosha kuvuja kandokando ya dohani, na mwezi wa Desemba Kibwana akaja kwangu kwa adabu zote. "Shemeji, wewe ndiye fundi. Nitazamie huko juu."

Nilipanda. Kwanza niliyaona makuti. Miezi sita bila moshi, na yalikuwa yamefifia, laini, yanamomonyoka mkononi kama mkate wa juzi. Mchwa walikuwa wameshajenga vichuguu kwenye fito. Nikafunua zaidi, nikaingiza mkono darini, nikashika fungu la kwanza la mahindi ya mama. Lilikuwa jepesi. Nikalikamua kidogo, na unga ukamwagika kati ya vidole, unga na wadudu. Fungu la pili vilevile. La tatu vilevile. Nikanyoosha mkono upande wa mashariki, mbali na tundu, ambako jua la asubuhi hulichoma paa. Huko mafungu yalikuwa bado mazito. Nilipasua ganda la hindi moja nikatazama: punje nzima, nyekundu, zinang'aa.

Nilijua la kufanya. Ni kazi ya nusu siku tu. Unayashusha yaliyo mazima, unayaanika juani, unayapekua, unayatundika juu ya mafiga ya mtu yeyote mwenye moshi. Yangu yalikuwa hatua mia moja na hamsini kutoka pale. Nililirudisha lile hindi mahali pake, nikalifunika kuti, nikashuka.

Mtaniuliza kwa nini. Kwa sababu nilikuwa nataka siku. Miezi sita nilikuwa nimemcheka Kibwana kwa soksi na pazia, vitu vya kitoto. Sasa nilikuwa nimeshika kicheko chenye uzito. Nilitaka masika yaje yenyewe yamwambie mbele ya watu kwamba yeye si kitu, kwamba miaka kumi na saba ya Mzungu haiwezi kumfundisha mtu kukaa Chole. Nikimwambia Desemba, angesema "ahsante, shemeji", akarekebisha, na nani angecheka?

"Vipi huko juu?" aliniuliza Kibwana.

"Dohani yako imesimama," nilisema.

Mwanamvua alikuwa ananimiminia chai. "Na mbegu, kaka? Umeiona?"

"Iko palepale ulipoiweka."

Nikaondoka najisifu kwamba sikusema uongo.

Februari ikafika, na Chole nzima ikawa juu ya mapaa. Huo ndio mwezi wangu. Leo nipo kwa huyu, kesho kwa yule, wanawake wanasuka makuti, wanaume wanakata fito, sufuria za wali zinapita. Mwanamvua alikuja kuniita kama kila mwaka. Nyuma yake alikuja Kibwana, tena amevaa lile koti.

"Hakuna haja ya kumchosha shemeji," alimwambia mkewe. "Nyumba yetu tumeshaiandaa. Mwaka huu tupumzike."

Mwanamvua akanitazama mimi. Nilikuwa fundi, nilikuwa kaka yake, na mama alipokufa ni mimi niliyewekewa mkono wa binti yake mkononi mwangu. Alikuwa ananitazama nimpe neno.

"Mwenye nyumba amesema," nilijibu, nikaendelea kukaza kamba.

Alirudi nyumbani akachimba ule mfereji peke yake, kwa jembe, jua la kaskazi linamchoma. Kibwana alimwambia haufai, unaharibu ua. Aliuchimba hivyo hivyo.

Masika yalianza Ijumaa, wiki ya pili ya Machi. Tulikuwa tunatoka msikitini wingu likafunga kutoka upande wa Mzenga, na kabla hatujavaa viatu ikawa imemwagika. Mvua ile haikunyesha, iliangushwa. Watu walikimbilia makwao. Mimi nilikimbilia kwa Kibwana. Nilikuwa nimeingoja mvua hiyo tangu Desemba, na sitasema uongo, nilikuwa na furaha. Wengine saba au wanane walinifuata, maana walimwona mtu anakimbia na kucheka, wakajua kuna jambo.

Tulipofika barazani, dohani ilikuwa imeshalegea. Udongo wake uliloa, ukavimba, ukakaa chini kama mlevi aliyechoka, kwanza lile bomba la nje, kisha yote. Ikaporomokea kwenye meko na kutapakaa juu ya kochi, tope jekundu na mawe. Kwenye tundu lililobaki mvua ikawa inaingia bila kubisha hodi. Makuti yaliyooza yakaachia huku na huku. Maji yote yakakusanyika juu ya yale magunia yaliyopakwa chokaa, na magunia yakaanza kushuka, yanavimba tumbo katikati ya sebule.

Kibwana alikuwa amesimama chini yake. Mtu mwenye akili angetoka. Yeye alichukua mpini wa ufagio, akalichoma lile tumbo ili maji yatoke polepole.

Gunia lilipasuka kutoka ukuta hadi ukuta. Yalimshukia maji, masizi, magazeti ya Kiingereza, maganda ya mahindi na uji mweupe uliokuwa zamani mbegu, na wadudu wakubwa kwa wadogo wakawa wanatambaa kwenye koti lake wakitafuta pakavu. Akabaki amesimama na ufagio wake. Wenzangu walicheka mpaka mmoja akakaa chini kwenye tope.

Mimi nilicheka kuliko wote. Na kwa kuwa kicheko peke yake hakikunitosha, kwa kuwa nilitaka watu wajue kwamba mimi ndiye mwenye akili pale, nikapaza sauti. "Nilijua!" nilisema. "Nilijua tangu Desemba! Mahindi hayo niliyashika kwa mkono wangu huu, yalikuwa unga! Nikasema acha, masika yatamfundisha Bwana Baridi!"

Sikuwa nimemwona Mwanamvua. Alikuwa mlango wa uani, amelowa, jembe mkononi, ametoka kuyafungulia maji njia ya mfereji. Hakulitazama kochi wala hakumtazama mumewe.

"Umesema Desemba," alisema.

Watu wakaacha kucheka. Nami nilitaka kuacha, lakini uso ulikuwa umeshakaa katika kicheko, sikujua niuondoeje.

"Desemba ile uliyopanda, nikakuuliza mbegu?"

"Ndiyo."

"Yalikuwa yameharibika yote?"

Ningeweza kusema yote. Hakuna ambaye angejua. Lakini alikuwa ananitazama, nami tangu utotoni sijaweza kumdanganya akinitazama; nilikuwa nimemdanganya Desemba kwa sababu alikuwa anamimina chai.

"Si yote."

"Mangapi yalikuwa mazima?"

"Machache. Mafungu sita. Manane, labda."

"Mafungu manane," alisema Mwanamvua. Alilitamka taratibu. "Kaka, mbegu ni hindi moja. Mama alianza na hindi moja."

Mmoja mmoja wenzangu wakaondoka, mvua bado inanyesha. Kibwana alikuwa amepiga magoti sasa. Alikuwa amelivua koti lake la sufu, amelitandaza sakafuni, anaokota punje kutoka kwenye tope na kuziweka juu yake, moja moja, anazipangusa kwa kidole. Kila aliyoishika ilikuwa ganda tupu. Aliendelea kuokota. Mwanamvua akaweka jembe chini akapiga magoti upande wa pili wa koti, naye akaanza kuokota. Hakuna aliyeniambia niondoke. Niliondoka.

Siku tatu sikwenda. Siku ya nne nilimwambia mke wangu apime pishi nne za mbegu yetu nyeupe, nikaitia kwenye kikapu nikaifunika kwa jani la mgomba, maana mvua ilikuwa inaendelea. Watu wote walikuwa mashambani. Masika hayamsubiri mtu. Wiki mbili ukichelewa, umevuna mabua.

Nilimkuta Kibwana juu ya paa, anajaribu kuliziba tundu kwa makuti mapya. Alikuwa anayafunga kinyume. Aliniona, akaniamkia, "Shikamoo, shemeji," kama siku zote, bila kinyongo wala uchangamfu, akaendelea kufunga kinyume. Ndani magunia yalikuwa yameondolewa. Mafiga yalikuwa yamerudi mahali pake na moto unawaka. Mwanamvua alikuwa ameketi chini, mbele yake sinia lenye kitambaa kibichi, na juu ya kitambaa punje kumi na moja, zote walizozipata. Alikuwa anangojea kama itachipua hata moja. Nilizitazama kwa jicho la mkulima. Zilikuwa zimekufa.

"Nimekuletea mbegu," nilisema.

"Ahsante. Irudishe."

"Utapanda nini?"

"Kesho tunakwenda Vihingo, mimi na mume wangu. Kuna watu wanatafuta wa kuwalimia. Watatulipa mbegu."

"Vihingo, kwa watu baki? Mwanamvua, mimi ndugu yako nipo, tena nina mbegu, na wewe ukalime vibarua? Watu watasemaje?"

"Watacheka," alisema.

Nikaketi. Nilimwambia nimekosa. Nililisema hilo, Mungu ni shahidi wangu, na halikuwa jepesi kutoka. Halafu, kwa kuwa mimi ni mimi, nikaongeza kwamba hata hivyo aliyeutoa moshi ndani ya nyumba ni Kibwana, si mimi; kama si ujinga wake tusingefika pale.

Hakukasirika. Ningependa angekasirika.

"Ni kweli, mume wangu ni mjinga," alisema. "Nilijua siku ile alipolibeba figa. Nami nikambebea la pili, kwa hiyo na mimi ni mjinga. Lakini yeye aliutoa moshi kwa ajili ya macho yangu. Wewe uliishika mbegu ya mama ikiwa nzima, ukairudisha ioze, ili ucheke. Mjinga namjua, kaka, najua pa kumweka. Wewe sijui nikuweke wapi."

Akalifunika sinia, akatoka kumshikia Kibwana ngazi.

Nilichukua kikapu changu. Njia nzima mashamba yalikuwa yamejaa watu wameinama, wananiita, wananiuliza mbona sipandi, mbona natembea na mbegu kwenye mvua. Mmoja alipaza sauti kutoka ng'ambo, "Twalibu! Yameganda?"  Nilipofika nyumbani mke wangu alikitazama kikapu, akanitazama na mimi.

"Hukumkuta?" aliuliza.

"Sikumkuta," nikasema.